Ufunguo Nilioutoa Wiki ya Matanga

Watu wa hapa Kitale wakiniuliza nafanya kazi gani, huwaambia naandika programu za kompyuta, na kesho yake wananiletea simu iliyoanguka chooni. Nimechoka kubishana nao. Lakini hapa lazima nieleze vizuri, maana usipoielewa kazi yangu hutaelewa jinsi nilivyoichukua siri ya shangazi yangu nikaiweka mikononi mwa mtu nisiyemjua hata sura.

Hakuna mwandishi wa programu anayeandika kila kitu mwenyewe. Kuna maghala kwenye mtandao, yako wazi kwa dunia nzima, ambamo watu huweka vipande vya programu walivyokwisha kuandika. Kila kipande huitwa kifurushi. Ukitaka programu yako isome tarehe au itume ujumbe wa simu, unaitajia kompyuta jina la kifurushi, na chombo kinachoitwa msimamizi wa vifurushi kinakwenda ghalani kukileta. Kinaleta pia vifurushi ambavyo hicho kinavitegemea, na vile ambavyo hivyo navyo vinavitegemea, wala hakiulizi kitu. Majina yanapita kwenye skrini mbio mbio, mengine yameandikwa na watu ambao hujawahi hata kuwasalimia. Wewe unakwenda zako kuchemsha chai. Miaka tisa nilifanya hivyo, bana, na chai yangu ilishuka vizuri tu.

Mimi pia nilikuwa na kifurushi changu humo ghalani. Kilikuwa kidogo, kazi yake kupanga jumbe za simu: nani atumiwe nini, siku gani. Nilikiandika katika chumba changu cha kazi, juu ya duka la dawa za mifugo, nikakiacha wazi kwa anayetaka, na watu wakakipenda. Wengine walinishukuru kutoka nchi ambazo sitawahi kuzikanyaga. Kuweka toleo jipya kulihitaji ufunguo mmoja tu, yaani mstari mrefu wa herufi za siri, na ufunguo huo nilikuwa nao peke yangu.

Wa kwanza kukitumia ilikuwa kliniki moja ya hapa mjini inayotoa dawa za virusi vya Ukimwi. Wengi wa wanaokwenda pale si watu wa Kitale. Wanatoka Cheptais, wanatoka Kabuchai, wanazipita zahanati za kwao na kusafiri asubuhi nzima ili wasikutane na jirani kwenye foleni. Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, ni mmoja wao. Ameolewa Kabuchai. Mume wake analima miwa, ni mzee wa kanisa, na alikuwa hajui. Shangazi aliambiwa hali yake akiwa na mimba ya kitinda mimba wake, akaanza dawa siku hiyo hiyo. Mtoto alizaliwa salama, na wauguzi wakamhakikishia kwamba akimeza kila siku hatamwambukiza mumewe. Akameza. Miaka kumi na moja alimeza na kunyamaza. Katika ukoo wetu wote nilijua mimi tu, kwa sababu siku moja tuligongana mlangoni pale kliniki, mimi na kompyuta begani, yeye na kitambaa kimeshushwa hadi kwenye nyusi.

Tulitazamana. Halafu akacheka, kicheko kile cha mtu aliyeshikwa, akasema, "Basi hata wewe ni wa hapa." Nikamwambia mimi natengeneza tu mashine yao. "Afadhali," akasema, na akanishika mkono kwa nguvu hadi vidole vikaniuma.

Yeye ndiye aliyenifundisha jinsi ya kuandika zile jumbe. "Mama," aliniambia, maana nimepewa jina la nyanya na hivyo kwake mimi ni mama yake, "usiandike kliniki. Usiandike dawa. Andika kikundi cha kuku." Kwa hiyo wagonjwa wote wa ile kliniki wakawa wanapata ujumbe kwamba mkutano wa kikundi cha kuku ni Alhamisi, tafadhali usikose. Mume wake alikuwa anamtania kila ujumbe ukiingia: "Hawa kuku wenu wa Kitale, si siku moja mlete hata mmoja tukule?" Shangazi anacheka, anavaa viatu, anakwenda.

Halafu baba akafa.

Boma letu liko upande wa Kamukuywa, na matanga yalichukua wiki nzima. Kwetu mtu aliyefiwa haguswi na kazi. Majirani wanakamua ng'ombe wako, wanavuna mahindi yako, wanapika jikoni kwako kwa sufuria zao, na wewe huulizi nani ameshika nini. Kuuliza ni matusi. Anayekuja kulia na wewe hahojiwi katoka wapi. Anapewa kiti na chai. Siku ya pili niliona mwanamume nisiyemjua akitoka zizini na ndoo ya maziwa, nikamwambia asante, akaniambia pole, na mpaka leo sijui alikuwa nani. Sikuona ajabu yoyote. Ndivyo tunavyozikana.

Sasa katika wiki hiyo hiyo, kifurushi changu kilipata hitilafu, na watu huko duniani wakaanza kupiga kelele. Wanaotumia kitu cha bure wana kelele sana, jamani. Wengine waliandika kana kwamba wameniajiri. Katikati ya kelele hizo aliniandikia mtu mmoja niliyemzoea. Kwa miezi minane alikuwa akinirekebishia makosa madogo madogo kwenye kifurushi, kazi safi, maneno ya adabu, hana haraka. Jina alilotumia halikuwa na nchi. Aliandika kwamba ameona nimesema nimefiwa, kwamba naye alimzika baba yake mwaka uliopita, na kwamba nisijisumbue: nimpe ruhusa ya kuweka matoleo ghalani, atashikilia kazi mpaka nimalize kulia.

Nilisoma maneno hayo nikiwa nyuma ya jikoni, nimekalia gunia la kabichi, macho yamevimba. Shangazi alikuwa karibu yangu anamenya viazi. Akauliza nani ananisumbua na simu wakati huu. Nikamwambia hapana, ni mtu anataka kunisaidia kazi. "Mpe," akasema. "Wacha watu wakusaidie." Nikampa ufunguo. Haikuchukua hata dakika mbili. Haki ya Mungu, nilimpa kama nilivyomwachia yule wa ndoo ya maziwa, na nikajisikia nimepumua.

Nilirudi Kitale nikakuta kazi imefanywa vizuri kuliko ambavyo ningeifanya mwenyewe. Ufunguo sikumnyang'anya. Ningeanzaje? Mtu amelia na mimi, nimwambie nirudishie changu? Niliona aibu. Nikajiambia nitafanya mwezi ujao, na mwezi ujao ukaja na mambo yake.

Miezi mitano ilipita kimya. Aliyetushtua wote alikuwa karani wa kliniki, mama mmoja mkali ambaye hesabu ya bando za intaneti anaiweka kichwani kama wengine wanavyoweka hesabu ya kuku. Alinipigia Jumatano saa nne asubuhi, hasira imempanda. "Hii mashine yako inakula bando! Nimeweka ya wiki juzi Jumatatu, leo hakuna kitu. Nimemgombeza askari wa mlango nikidhani anaangalia mpira, maskini, kumbe simu yake ni ile ya tochi, haina hata intaneti."

Nilicheka. Nakumbuka kwamba nilicheka, na kile kicheko kinaniudhi mpaka sasa. Jumbe za simu hazili bando. Orodha yote ya majina haili bando. Kitu pekee kizito ndani ya ile kompyuta ni picha za kadi za wagonjwa, kila kadi na uso wa mtu na tarehe zake za dawa, na hizo hazikuwa na ruhusa ya kutoka nje ya ule mlango. Niliacha kucheka hapo. Nikamwambia ang'oe waya wa mtandao. "Sasa hivi?" "Sasa hivi, mama, ng'oa!" Nikashuka ngazi nikikimbia, na mwenye duka la dawa za mifugo akaniuliza nani amekufa tena.

Ilinichukua siku nzima kuona. Kwenye vifurushi vingi unaweza kuambatanisha maagizo yanayojiendesha wakati wa kufungua tu, kabla hujakitumia. Ni kama kununua unga, na unapokata mfuko kuna mtu anatoka ndani anakwenda chumbani kwako. Chombo chetu, yule msimamizi wa vifurushi, hakimuulizi kitu. Kinamfungulia na mlango. Toleo la mwisho la kifurushi changu, chini ya jina langu, lilikuwa na maagizo hayo. Yalitafuta nywila zote zilizohifadhiwa kwenye kompyuta, yakazituma mbali, halafu yakakaa kimya, yakapeleka picha za kadi kidogo kidogo kila siku. Na liliingiaje kliniki? Mimi ndiye niliyeiagiza kompyuta ya kliniki ichukue toleo jipya la kifurushi changu kila Jumatatu bila kuuliza mtu. Sababu? Kilikuwa changu. Nilikiamini.

Siku kumi. Siku kumi zile picha zilikuwa zikitoka.

Nilimwandikia yule mtu. Akaunti yake ilikuwa haipo tena. Nilirudi kwenye barua zake za zamani nikazisoma moja moja, ile ya baba yake aliyemzika, ile ya pole, na nikajikuta na hasira ambayo sijawahi kumwonea binadamu. Alisubiri miezi minane. Alisubiri mpaka nilie.

Wiki iliyofuata nilifanya kazi ambayo ningepaswa kuifanya miaka tisa kabla. Nilifuta ufunguo wa zamani na kumwomba mwenzangu mmoja wa Bungoma, mwalimu ninayemjua uso kwa uso, tuwe wawili: sasa toleo haliendi ghalani mpaka yeye alisome na mimi nilisome, na kila mmoja athibitishe kwa simu yake. Funguo zetu zinakufa zenyewe baada ya muda mfupi na zinafungua kifurushi hicho kimoja tu. Kule kliniki nilizuia maagizo yanayojiendesha wakati wa kufungua. Niliandika orodha ya vifurushi vyote, kila kimoja na toleo lake kamili na alama yake, ile hesabu inayobadilika hata kama herufi moja ndani imeguswa. Alama isipolingana, kompyuta inakataa. Matoleo mapya yanakaa nje kwanza siku kadhaa, yaonwe na macho ya wengine. Na ile kompyuta haiongei tena na mtandao isipokuwa na anwani mbili ninazozijua. Wenye ghala niliwaandikia wakaliondoa lile toleo chafu, na watu wote waliokuwa wakikitumia kifurushi nikawatangazia ukweli, na jina langu juu yake. Wengine walinitukana. Niliwaelewa.

Karani alinitazama nikifanya hayo yote kwa siku tatu, kisha akaniuliza swali moja. "Na zile zilizoenda, zinarudi?" Nikamwambia hazirudi. Akarudi kwenye meza yake akaanza kupanga kadi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Daktari wa kliniki hakutaka tuseme. Si mtu mbaya, na alichokisema kilikuwa na maana. "Ukimwambia mgonjwa jina lake liko nje, hatarudi kuchukua dawa. Watakufa kwa sababu ya kuambiwa." Nikamwambia sheria inataka waambiwe. Akaniambia sheria haiketi na wagonjwa. Tulipandishiana sauti mpaka muuguzi akafunga mlango. Mwisho alikubali kupeleka habari kwa ofisi inayohusika, na wagonjwa waambiwe mmoja mmoja, ana kwa ana, siku zao za dawa zikifika. Siku ya Shangazi ilikuwa bado wiki tano. Nilitoka pale nikijua siwezi kungoja wiki tano. Picha yake ilikuwa kati ya zile za kwanza kutoka, nilikuwa nimeona mwenyewe, na niliogopa kwamba asubuhi yoyote mtu angemtumia mume wake ile kadi.

Nilikwenda Kabuchai siku ya Jumamosi. Mume wake alikuwa shambani, watoto wamekwenda mtoni na nguo. Nilimkuta Shangazi anachambua maharage uani. Alifurahi kuniona, akanyanyuka anitafutie chai, na mimi nikasema maneno yote kabla hajafika mlangoni, kwa sababu nilijua nikinywa chai yake sitaweza.

Alirudi akakaa. Hakulia. Alichukua ungo akaendelea kuchambua maharage, kama robo saa nzima, anatupa mabovu pembeni. Kisha akauliza huyo mtu ni nani. Nikamwambia sijui. Yuko wapi? Sijui. Anataka nini? Sijui, Shangazi.

"Ala! Wewe umesoma miaka hiyo yote," akasema, "na hujui hata kitu kimoja?"

"Nisamehe."

"Sijakasirika. Nataka kujua. Ataniweka kwa simu za watu?"

"Anaweza. Anaweza pia asifanye kitu. Wengine huiba nywila tu, hawajali majina."

"Lakini huwezi kuniambia hatafanya."

"Siwezi."

Akatikisa ungo. Nilimwomba, karibu nipige magoti, asiache dawa. Akaniangalia kama nimemtukana. "Dawa nitameza," akasema. "Sijameza miaka kumi na moja ili nije nife kwa sababu ya mtu wa kompyuta." Halafu, bila kubadilisha sauti, akaniambia nikae, nisiende. Mzee akirudi atamwambia mwenyewe. Hataki asikie kutoka kwa mtu asiye na uso. Nikamwambia tungoje kwanza, labda hakuna litakalotokea. Nilisema hivyo mara mbili. Akasema, "Mama, nitalala vipi nikingoja?"

Mume wake alirudi saa tisa, panga mkononi, majani ya miwa yamemng'ang'ania shati. Alinisalimia kwa furaha, akaniuliza habari za Kitale, akauliza na za kuku. Shangazi akamwambia aketi. Akamwambia yote, kwa Kibukusu, kwa sentensi fupi, macho kwenye mikono yake. Hakunitaja. Mimi nilijitaja. Nikaeleza kosa ni langu, nikaeleza ufunguo na mtu na ghala, na nikaona kwamba hakuna neno langu hata moja lililomfikia.

Aliuliza kitu kimoja tu. "Tangu lini?"

"Kabla ya huyu mdogo kuzaliwa."

Akainuka, akachukua panga lake, nami nikainuka. Lakini alitoka, akarudi shambani, na tukamsikia akikata miwa hadi giza likaanza kuingia. Niliondoka bado anakata.

Alikwenda kupimwa Bungoma juma lililofuata, akakutwa hana kitu, kama wauguzi walivyosema. Nilidhani hilo litamrudisha. Halikumrudisha. Amehamia nyumba ya mwanawe mkubwa, pale pale bomani. Hampigi, hamtukani, kanisani wanakaa benchi moja. Lakini chakula anachopika Shangazi hakili. Anajipikia mwenyewe, mwanamume wa umri ule, ugali kwa sufuria ndogo nje, na majirani wanaona na kuuliza kuna nini katika lile boma.

Huko mtandaoni hakuna kilichotokea. Kila asubuhi nikifika kazini, kabla sijawasha kitu kingine, nazunguka mahali ambapo habari zilizoibwa hutupwa na kuuzwa, natafuta jina la kliniki, natafuta jina lake. Ni mwaka sasa. Hakuna kadi hata moja iliyoonekana. Hakuna mgonjwa aliyepata ujumbe wa ajabu. Wagonjwa wengine waliambiwa siku zao zilipofika. Kuna waliohama, kuna waliobaki, na kuna wawili ambao karani bado anawatafuta kwa simu zisizopatikana. Yule mtu yuko kimya na zile picha anazo.

Shangazi hunipigia kila Jumapili baada ya ibada. Hanisalimii. "Imetoka?" anauliza. "Bado, Shangazi," namjibu, na anakata simu. Jumapili iliyopita hakukata. Nilisikia kuku, nilisikia mtu akichota maji, nilimsikia akipumua.

"Na isipotoka kabisa, mama?" akaniuliza. "Itakuwa nilimwambia ya nini?"

Alingoja kidogo, kisha akaniuliza kama mvua imeshanyesha huko Kitale.